Wifi amenikaangia vifaranga siku ya 19, halafu ananiambia MAYAI YAKO MABOVU

Mtetea Mweusi:

Wakuu sina nguvu ya salamu ndefu, naandika nimekaa juu ya kiroba cha mashudu nje ya banda na mikono inatetemeka. Simtaji, mnamjua. Ni yule yule wa uzi wangu wa mwezi uliopita, aliyemwaga sabuni ya unga kwenye beseni la bata akasema anawaogesha. Aliyekuja kwa siku mbili na leo ni wiki ya tatu. Leo kavunja rekodi yake mwenyewe.

Nina tetea mmoja mweusi anaatamia stoo, nyuma ya jiko, kwenye beseni lenye maranda. Mayai 12. Wanaofuga wataelewa mayai 12 yana kazi gani. Nimechagua moja moja, hakuna lililokaa zaidi ya siku 7 kabla ya kuwekwa, yenye ufa nimetoa, ya duara kama mpira nimetoa. Na mbegu sio ya mchezo, jogoo alikuwa wa kuchi, wale kuku warefu wa kienyeji, niliyemwazima kwa babu mmoja Kisarawe, nimekaa naye wiki mbili na malipo yake ni tetea mzima, na jogoo kesharudi kwao kwa hiyo mbegu hiyo hairudii. Siku ya 7 nimemulika kwa tochi ya simu usiku nikaona mishipa imetanda kama mizizi ya mchicha. Siku ya 14 nimemulika tena, giza limejaa na ndani panacheza. Kila yai nimeandika tarehe kwa penseli. Jumamosi ndiyo siku ya 21, kila mtu nyumbani anajua, hata mbuzi wanajua.

Leo asubuhi nimetoka kwenda Chanika kuchukua chakula cha kuku, mashudu na paraza, masaa mawili tu, sijakaa hata kunywa soda. Narudi nakuta tetea yuko nje kwenye jua anazunguka banda la sungura, manyoya yamemsimama, analia ile kloo kloo kloo ya kuku aliyefiwa. Moyo ukanipasuka hapo hapo. Naingia jikoni. Namkuta amesimama mbele ya jiko, kikaango kiko motoni, mafuta yanachemka, vitunguu keshakatakata na hoho juu. Anageuka ananiangalia usoni bila aibu, ananiambia, "Wifi, mayai yako mabovu haya, unatulisha mizoga?"

MAYAI YANGU MABOVU.

Nachungulia kwenye kikaango. Kifaranga kizima. Manyoya yamelowa yamelala kama nywele za mtoto aliyetoka kuogeshwa, kiini bado kinaingia tumboni, na juu ya mdomo kile kijino cheupe cha kutobolea ganda, kidogo kama punje ya chumvi, kiko tayari kabisa, kilikuwa kinasubiri Jumamosi. Na sio kimoja. Alivunja la kwanza akaona, akamwaga kwenye ndoo ya taka. Akavunja la pili. Akaona. Akavunja la tatu! La nne! La tano!! Mtu mzima mwenye watoto watatu, ameona kifaranga mara nne na bado ana matumaini ya kukutana na omleti.

Namuuliza hukuona tarehe? Anasema "nilidhani umeandika bei." Namuuliza kuku hukumuona amelala juu yake? Anasema alimuona, akadonolewa mkono, akamrusha nje kwa mabawa kwa sababu "alikuwa ananichelewesha." Kuku analinda wanawe anaambiwa anachelewesha chai!

Yale 7 yaliyobaki unajua yako wapi? FRIJI. Kayapanga mlangoni kwenye vishimo, yamepangika vizuri kama ya dukani. Nimeita mpaka nadhani Kisarawe walisikia. Mume wangu kaja anakimbia nikidhani ananisaidia, kasimama mlangoni kasema, "Si mayai tu hayo, nitakununulia trei." TREI. Ya mayai ya kisasa yasiyo hata na jogoo.

Wifi naye keshakaa sebuleni kashika simu anamwambia mama mkwe kwamba kwetu tunakula mayai mabovu. Mayai yangu. Mabovu. Mimi ninayeokota mayai mara mbili kwa siku.

Ngosha wa Kahama:

Nimewahi siti ya mbele. Pole sana dada, ila hapo la tano nimecheka mpaka boda kaniangalia. Huyo wifi ana moyo wa chuma.

Kataa Ndoa Branchi ya Tabata:

Tunasema kila siku hamsikii. Kataa ndoa. Ukikataa ndoa huna wifi, usipokuwa na wifi mayai yanaanguliwa.

Mzee Maranda:

Binti acha kulia kwanza. Hayo 7 yamekaa friji muda gani? Kama ni chini ya saa moja usiyatupe. Usiyaoshe, usiyaweke juani. Futa umande kwa kitambaa kikavu, mrudishe mama yao gizani, ziba mlango, asiingie mtu. Kifaranga wa siku ya 19 keshakomaa, baridi ya muda mfupi anaweza kuivumilia. Na usiyageuze tena, kuanzia siku ya 18 hayageuzwi.

Mtetea Mweusi:

Mzee wangu shikamoo na asante. Nimerudisha yote 7, tetea alivyoingia kasimama juu yake kama dakika nzima anayaangalia moja moja, anayasukuma kwa mdomo, anatafuta mengine. Niambieni nyie. Alikuwa anatafuta MENGINE. Ndo akakaa. Nimefunga stoo kwa kufuli na funguo nimeifunga kwenye khanga. Ila bado nasikia ile sauti masikioni, "mayai yako mabovu." Angesema samahani ningeshika ndoo nikaondoka. Angesema "sikujua". Hapana. Mabovu!

Bi Msafwari:

Mimi nitakuwa tofauti. Nani anaweka kuku stoo ya jikoni? Mgeni kaamka kaona mayai 12 jikoni na kuna vitunguu, ulitaka afanyeje, apige simu wizara ya mifugo? Ulimwachia chai ya nini?

Mtetea Mweusi:

Mgeni wa WIKI TATU? Wahenga walishasema siku ya tatu mpe jembe, huyu jembe lenyewe nikimpa atachimbua matembele yangu akidhani magugu. Na chai niliacha, na viazi vitamu vya kuchemsha niliacha, na mayai ya kula yako kwenye trei juu ya meza, 18, hayana tarehe, hayana kuku juu yake. Aliyapita. Akaenda kumtoa kuku aliyelala! Kuku anayetoka kula mara moja kwa siku, dakika chache, anakimbia kurudi asipoteze joto!

Kifaranga wa Jana:

Weka picha ya kikaango.

Mtetea Mweusi:

Nimewazika watano wote chini ya mpapai. Sipigi picha.

Shombo la Ferry:

Watano mpapai utazaa sana huo.

Mfugaji Mpweke Mbezi:

Mnalia na watano, mimi niliuziwa vifaranga 100 naambiwa "mitetea mitupu mkuu, miezi mitano unaokota mayai." Nimelisha, nimepiga chanjo, ya gumboro nimewapa kwenye maji, ya ndui wamechomwa bawa, umeme wa bruda ya kuwapa joto umenila. Wamekua. Majogoo 94. TISINI NA NNE. Saa tisa usiku anaanza mmoja wanaitikia wote, mtaa unaamka kama kuna msiba. Mjumbe kaja mara tatu. Aliyeniuzia simtaji ila anajijua, kabadilisha namba.

Ngosha wa Kahama:

Hahaha mkuu fungua uzi wako, hii ya 94 inajitegemea.

Mama Sungura Kibaha:

Afadhali nyie ni uzembe na utapeli. Mimi mjomba mtu alikuja kunisaidia, kaenda bustanini asubuhi na mapema kavuna majani yana umande, kawajazia sungura kibandani mpaka juu. Mimi huwa nanyausha kwanza kivulini. Jioni matumbo yamevimba kama ngoma, ukigonga yanalia. Sungura 6, na mmoja alikuwa na mimba siku ya 28, bado siku 3 azae. Mjomba akasema "wamekula wakashiba wakafa, hicho ni kifo kizuri."

Bi Msafwari:

Huyo mjomba aolewe na wifi.

Kijumbe wa Kilifi:

Poleni wenzangu. Huku Kilifi wetu ni mwewe, hana ukoo na mtu lakini hula kuliko wifi. Vifaranga 9 kwa siku 4. Nimetundika mikanda ya kaseti, nimeweka sanamu limevaa kofia, mwewe akaja akatua juu ya ile kofia.

Mtetea Mweusi:

Mwewe ni mnyama jamani, hajui. Mwewe hakwambii mayai yako mabovu akiwa kashika mwiko WAKO, kavaa ndala ZAKO.

Dokta wa Mitishamba:

Mtoa uzi, hata wakitoka hao 7 wasipoanzishiwa shubiri na pilipili kichaa kwenye maji watakufa na kideri. Mimi sijawahi kuchanja tangu nianze kufuga na sijapoteza kuku.

Afisa Mifugo Mstaafu:

Dokta usipotoshe watu. Kideri hakina dawa. Hakina. Kinaua banda zima wiki moja, unaamka asubuhi unakuta shingo zimepinda na kinyesi cha kijani. Kinga ni chanjo basi. Ile ya I-2 ni tone moja jichoni, kuku mkubwa tone moja, kifaranga tone moja, rudia kila baada ya miezi 3. Inavumilia joto kuliko zile za zamani ndiyo maana inafaa vijijini, lakini sio uiweke dashibodi ya bajaji juani mchana kutwa halafu useme chanjo feki. Shubiri wape kama unapenda, ila chanja.

Dokta wa Mitishamba:

Babu zetu walikuwa na I-2?

Afisa Mifugo Mstaafu:

Babu zako walikuwa wanabaki na kuku wawili kila kiangazi, waulize.

Mfugaji Mpweke Mbezi:

Wazee mkiwa hapo hapo, majogoo yangu 94 nawalisha nini? Pumba imepaa, dagaa wa chakula wamejaa mchanga, nikiosha napata nusu ndoo ya mchanga naweza kujenga.

Mzee Maranda:

Punguza pumba changanya na azola, yale majani madogo yanayoelea majini, na funza. Weka mabaki ya jikoni na samadi kwenye ndoo yenye matundu, nzi watataga wenyewe, siku chache unavuna. Kuku wakiona hiyo ndoo wanakukimbilia kama wana deni na wewe.

Ngosha wa Kahama:

Pumba huku Kahama kipindi cha mavuno ya mpunga inapatikana vizuri ila angalia usiuziwe maganda ya mpunga yaliyosagwa. Yale hayana kitu, kuku anashiba hewa.

Mama Sungura Kibaha:

Hiyo ya maganda nimepigwa mwaka huu! Gunia zuri, juu pumba, katikati maganda, chini unakuta mchanga. Muuzaji namuona kila Jumapili anaimba kwaya.

Mtetea Mweusi:

Naomba turudi kwenye mada. Leo Ijumaa asubuhi wifi kaamka kaniuliza kwa nini stoo imefungwa kufuli, kwamba yeye sio mwizi. Mbele ya mume wangu. Kisha kasema, tena taratibu, "hata ungeacha wazi, mayai yenyewe mabovu." Jamani. Kaona vifaranga vitano kwa macho yake, vina miguu, vina kucha, na bado anasema MABOVU. Sasa nawaomba ushauri, nimweleze nini mama mkwe?

Shombo la Ferry:

Mwambie pumba imepanda hawezi kukaa wiki ya nne.

Mfugaji Mpweke Mbezi:

Hapo umemaliza. Mzee Maranda hiyo ndoo ya funza haitoi harufu? Mjumbe keshaniandama na kelele, akiongeza na harufu nahama mtaa.

Mzee Maranda:

Ukitupia maranda juu haitoi. Ikinuka ujue umejaza maji.

Kijumbe wa Kilifi:

Na mwewe hali funza?

Mtetea Mweusi:

MREJESHO. Jumamosi saa kumi na moja alfajiri. Nilikuwa nimelala kwenye mkeka nje ya mlango wa stoo tangu juzi. Nimesikia. Nimeweka sikio kwenye yai moja, ndani kinalia, kidogo sana, halafu kinagonga. Yai la pili lina tundu tayari kama kichwa cha kiberiti na ule mdomo unaonekana unapumua. Matano yaliyobaki bado kimya. Tetea ananijibu akisikia napumua karibu, ananguruma taratibu, simgusi. Wifi kalala ndani anakoroma, chumba cha wageni. Nitawaambia ya saba.

Ngosha wa Kahama:

Mama Sungura huyo wa kwaya gunia lake lina alama gani? Maana mimi kuna mtu kanitumia picha ya mzigo sasa hivi na kamba yake ni nyekundu.

Mama Sungura Kibaha:

NYEKUNDU? Mkuu usitume hela!!