Kuchora upya "Schotter" ya Georg Nees kwa plota ya nyumbani: miraba haifungi

kalamu_umoja:
Wadau, nataka kuchora Schotter, ule mchoro wa kompyuta wa Georg Nees wa miraba inayosambaratika, kwenye A4. Mashine (plota, yaani ya kuchora kwa kalamu) ni Arduino Uno yenye GRBL, programu ya kuendesha mota, draiva mbili za A4988 za kulisha mota umeme, mota za hatua za NEMA 17, belti ya GT2 na puli ya meno 20, pamoja na servo ya kuinua kalamu. Vyote ni vya Luthuli Avenue, Nairobi. Mraba haufungi, unabaki wazi kama nusu milimita. Kona ya kuanzia ina donge la wino. Mara nyingine Arduino inajiwasha upya kazi ikiendelea. Na mchoro wenyewe ni vurugu tupu, haufanani na wa Nees.

fundi_belti:
Tazama hilo pengo kwanza. Likiwa sawa tangu mraba wa kwanza hadi wa mwisho, belti imelegea au kalamu inacheza kwenye kishikio. Likizidi kukua, mota zinapoteza hatua: shusha mchapuko (mipangilio ya GRBL $120 na $121) hadi 200, kisha pima Vref, volti inayopanga mkondo wa draiva. Vipinga vidogo vya draiva vikiandikwa R100, volti 0.8 ni ampea 1. Vikiwa R050, ni volti 0.4. Wengi huweka 0.8 bila kusoma, mota zikaunguza vidole. $100 na $101, yaani hatua kwa milimita, ziwe 80.

Kujiwasha upya ni servo hiyo. Usiilishe kutoka pini ya 5V ya Arduino. Ipe chaja yake ya volti 5, ila graundi ziunganishwe, la sivyo itatetemeka ovyo.

wino_mweusi:
Donge ni kalamu kusubiri kupita kiasi. Baada ya kuishusha weka amri ya kusubiri, G4 P0.1, basi. GRBL husoma P kwa sekunde, hivyo aliyezoea mashine zinazohesabu milisekunde akiandika P100 atapata ziwa. Na usiishie pale ulipoanzia: pitiliza nusu milimita juu ya upande wa kwanza, mraba utafunga hata wino ukichelewa kutoka.

safu22:
Vurugu inatoka kwenye programu. Bila shaka umeweka kiwango kilekile cha nasibu ukurasa mzima. Nees, aliyekuwa kampuni ya Siemens kule Erlangen, Ujerumani, alipanga miraba 12 kwa safu 22, na mtikisiko unakua safu kwa safu: juu imenyooka, chini imesambaratika. Aliandika kwa lugha ya programu ya ALGOL. Kazi nzima iko kwenye huo ukuaji, si kwenye nasibu.

Kwa A4, upande uwe milimita 12. Utapata 144 kwa 264. Hesabu safu r kutoka 0 hadi 21. Pembe ni r/21 mara nambari ya nasibu kati ya -45 na 45. Kusogea ni r/21 mara -5 hadi 5, kwa x na y kila moja peke yake. Hifadhi namba ya kuanzishia nasibu, maana karatasi ikiharibika hutaupata mchoro uleule tena.

kalamu_umoja:
Asanteni. Pengo ni lilelile kote, nakaza belti. Ila safu za juu miraba inagusana, kila mstari wa ndani unapitiwa mara mbili. Niufute mmoja?

wino_mweusi:
Usifute. Ukifuta, miraba ya juu inageuka gridi, na jicho halitaona kwamba ni vitu vilevile vilivyoporomoka chini. Badili karatasi: ile ya fotokopi ya gramu 80 huchanika nyuzi kalamu ya jeli ikirudia. Chukua manila nyeupe.

safu22:
Naunga mkono. Kama weusi wa juu unakukera, tumia ncha ya 0.3.