Oksidi ya nikeli: usumaku unatoka sifuri, nimekosea wapi?

Chepkoech_fizikia: Habari zenu. Nipo Eldoret, naandika tasnifu ya uzamili kuhusu NiO. Wiki ya tatu sasa nakokotoa kwa Quantum ESPRESSO (programu ya kukokotoa tabia ya elektroni ndani ya mata) kwenye laptopu. Nilianza na seli (kipande cha fuwele kinachojirudia) ya atomu mbili bila spini (usumaku mdogo wa kila elektroni), ikatoka metali kabisa, ilhali vipimo vya maabara vinaonyesha ni kihami chenye pengo la nishati la takriban 4.3 eV. Nikahamia seli ya atomu nne, nikawasha spini: usumaku wa jumla 0.00! Mwenzangu ananiambia niweke U (nyongeza ya nishati ya kusukumana kwa elektroni) = 8 eV nimalize. Sitaki kuweka namba nisiyoweza kuitetea mbele ya wasimamizi.

Bendi_za_d: Dada, hiyo sifuri ndiyo sahihi. NiO ni antiferosumaku: chini ya takriban 525 K, spini za nikeli kwenye tabaka moja la (111), yaani linalokata fuwele kimshazari, zinaelekea upande mmoja, tabaka linalofuata zinaelekea kinyume, kwa hiyo zinafutana. Soma mstari wa pili, ule wa `absolute magnetization`, unaojumlisha usumaku bila kujali upande. Je, umeziita nikeli zako Ni1 na Ni2, moja ikianza na usumaku wa 0.5 na nyingine -0.5?

Hili nimelihangaikia tangu 2012, shule ya ASESMA (mafunzo ya Afrika ya kukokotoa muundo wa elektroni) ilipofanyika hapohapo Eldoret, na bado linanikosesha usingizi. Nikeli hii ina elektroni nane za d, zinabanana kwenye atomu moja na kusukumana vikali. GGA, makadirio ya kawaida ndani ya DFT (nadharia ya msongamano wa elektroni), inazitawanya mno, hata elektroni inajisukuma yenyewe, ndiyo maana pengo linabaki dogo. Mwaka 1991 Anisimov, Zaanen na Andersen wakaongeza U, yaani gharama ya kuweka elektroni ya ziada kwenye atomu ambayo tayari imejaa wenzake.

Namba ya mwenzako iache. U inategemea pseudopotenshali yako (faili linalowakilisha kiini cha atomu na elektroni za ndani) na jinsi programu inavyozihesabu obiti za d, haiazimwi kama jembe. Ikokotoe mwenyewe kwa `hp.x`, programu ndogo iliyomo ndani ya Quantum ESPRESSO. Halafu tafadhali usiivute U mpaka pengo lifike 4.3. Pengo la NiO linahusu pia elektroni za 2p za oksijeni, na U ya nikeli peke yake haizigusi. Linganisha na usumaku wa kila nikeli: vipimo vinatoa kati ya 1.6 na 1.9 Bohr magnetoni (kizio cha usumaku wa atomu).

Pwani_DMFT: Naongeza moja, wasimamizi watakuuliza. Ukipasha NiO kupita 525 K mpangilio wa spini unavunjika, lakini inabaki kihami. Kwa hiyo si mpangilio unaozuia umeme, ni kule kusukumana kwenyewe. Mott na Peierls walishaligusa 1937. DFT+U, yaani DFT iliyoongezwa ile U, inahitaji spini zilizopangwa ndipo ifungue pengo vizuri. Hali ya joto ile ni kazi ya DMFT, nadharia inayofuatilia kusukumana huko hata spini zisipopangwa. Liandike wazi kwenye sura ya mbinu.

Chepkoech_fizikia: Asanteni sana walimu wangu. Nimeuona ule mstari wa pili: karibu 3, na Ni1 na Ni2 zina alama kinyume. Siku zote ulikuwepo chini ya ile sifuri. `hp.x` inakokotoa tangu alfajiri, gridi ya q (nukta za kukokotolea) 2×2×2, feni ya laptopu inalia. Nikipata U nitaileta hapa pamoja na faili la ingizo.