Mume hataki kupanda parachichi, anasema Bwana yu karibu kurudi. Nimjibu nini?

Mama_Wawili_Uyole
Bwana asifiwe wapendwa. Naomba ushauri, ila kama umekuja kumtukana mume wangu pita kimya.

Tuna ekari moja Isongole, miaka yote ni viazi. Tulikubaliana nusu yake tuweke parachichi za Hass, tukanunua miche iliyobebeshwa kwa mkopo wa kikundi changu. Kabla mvua hazijaanza mwenzangu akaenda kongamano la maombi, akarudi mtu mwingine. Nashukuru kwa mengi: pombe kaacha, jioni yuko nyumbani, watoto anawasomea Neno. Lakini shamba halimhusu tena. Nikitaja miche ananiambia parachichi huanza kuzaa mwaka wa tatu, na dunia hii yeye haioni ikifika huko. Hazina yetu iko mbinguni. Nikizidi kuongea naitwa mke wa Lutu.

Miche iko nyuma ya jiko, mizizi imetoboa viriba na imeanza kushika ardhi palepale. Rejesho ni kila Jumamosi, napeleka mimi kwa hela ya maandazi.

Na mimi naamini Bwana anarudi, ndiyo maana nakosa la kumjibu. Au ni mimi niliyeng'ang'ania dunia?

Kijana_wa_Soweto
Dada pole. Muulize tu, kwenye huo unyakuo mweka hazina wa kikundi naye anapaa na daftari au analiacha?

Mwinjilisti_Mstaafu
Kijana, acha utani, mama ana mzigo.

Mama, shikamoo yako nimeipokea hata kama hukuiandika. Usibishane naye kuhusu kurudi kwa Bwana, hapo mko pamoja. Mwombe mfungue Luka 19. Mstari wa 11 unasema kwa nini Yesu alitoa ule mfano: watu walidhani ufalme utaonekana mara. Hao ndio mumeo. Na mtu wa kwenye mfano aliwaambia nini watumwa wake? "Fanyeni biashara hata nitakapokuja." Hakuwaambia wakae wakiangalia barabara.

Kisha mwende 1 Wathesalonike 4. Parapanda anayoipenda iko mstari wa 16. Mstari wa 11, sura hiyohiyo, Paulo anawataka watulie, wafanye kazi kwa mikono yao wenyewe. Katika waraka wa pili akawa mkali zaidi, kwamba asiyetaka kufanya kazi asile. Kanisa lile lilikuwa na akina mumeo wengi.

Wala si jambo geni. Marekani mwaka 1844 wafuasi wa mhubiri William Miller walingoja Bwana arudi tarehe 22 Oktoba, na wapo wakulima walioacha mazao shambani bila kuvuna, viazi vikiwemo. Tarehe 23 ikafika, na watoto walitaka kula.

Sisi Wamoravian Pasaka alfajiri tunaabudu makaburini, tukitangaza kwamba waliolala watafufuka. Sijaona umilele ukihubiriwa karibu zaidi ya pale. Lakini waliotuletea habari hiyo Rungwe mwaka 1891 walijenga na kufungua shule. Mtu anayetegemea dunia iishe kesho hahangaiki kumfundisha mtoto herufi.

Dalali_wa_Viazi
Naongeza kidogo mzee wangu. Mimi niko sokoni kila siku, na umilele nauona kwenye gunia. Mtu anaimba kwaya Jumapili, Jumatatu anamshindilia mkulima lumbesa, kilima kimefungwa kwa kamba juu ya gunia, bei ileile. Huyo ndiye aliyesahau kwamba atasimama mbele za Mungu. Mwenye shamba anayepanda mche halali hajasahau kitu. Mwambie shemeji kama anataka kuishi kimbingu aanzie kwenye mzani.

Binti_Makambako
Mimi namtetea kidogo baba watoto. Wangapi humu tunaomba waume waache pombe? Huyu kaacha. Usimvunje moyo, da'.

Mama_Wawili_Uyole
Asanteni, ndaga fijo. Mzee, shikamoo ya kweli sasa. Nimesoma Luka 19 naye jana usiku, hakubisha, alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema kitu sikukitegemea: viazi vya msimu uliopita vilioza kwa ugonjwa wa mnyauko wakati alikuwa ameshakopa mbolea kwa mtu, na sikuwa najua.

Mwinjilisti_Mstaafu
Basi hapo ndipo penye ugonjwa. Yeye hana haraka ya mbinguni, anaogopa kupanda tena akapata hasara. Maandiko kayafanya blanketi la kujifunika. Msimkemee. Kaeni na huyo mwenye mbolea, mpange mlipe kidogo kidogo, na mchungaji wenu awepo. 1 Timotheo 5:8, ile ya asiyewatunza wa nyumbani mwake, uiweke akiba, usianze nayo, ni nzito mno kwa mtu aliyeumia.

Kijana_wa_Soweto
Nimenyamazishwa. Ila mama, kama eneo la viazi lina mnyauko, msirudishe viazi hapohapo msimu ujao, wekeni mahindi kwanza.

Dalali_wa_Viazi
Na hiyo miche usiing'oe kwa kuvuta, mizizi itabaki chini. Chimba pembeni uitoe na udongo wake. Mashimo saba kwa saba mita. Mvua bado zipo, mna wiki chache. Mna samadi?

Mama_Wawili_Uyole
Ya ng'ombe ipo kwa jirani. Mume wangu mwenyewe kaenda kuiulizia bei asubuhi hii.