Mjadala: Kodi ya majengo ibaki kwenye LUKU au irudi Manispaa ya Kigoma-Ujiji?

Mwisho wa Reli
Wakuu, tujadili bila jazba. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla ya kutumia. Ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Tangu Julai 2023 ni 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka. Ghorofa za mjini, 7,500 kwa mwezi kwa kila sakafu. Hela inakwenda Hazina, na Manispaa inayozoa taka na kuziba makorongo inasubiri mgao. Mimi nasema irudi.

Daftari
Irudi ifanyiwe nini, ndugu yangu? Sheria ya 1983 ya kodi ya majengo mijini inataka uthamini. Mthamini apite nyumba kwa nyumba, apime eneo, atazame ukuta, paa na umri wa jengo. Thamani iingie kwenye daftari, mwenye nyumba apewe muda wa kupinga, ndipo bili itoke. Kazi hiyo ni ghali, na daftari lisipohuishwa kila nyumba mpya iko nje. Halafu bili unamkabidhi nani? Nyumba ya urithi pale Ujiji ina wenyewe kumi, kila mmoja anamtaja mwenzake. LUKU haiulizi mirathi.

Mpangaji Gungu
Haiulizi na mwenye nyumba pia! Kisheria kodi ni ya mmiliki, lakini anayeingiza tokeni ni mpangaji. Kwa bei ya 122 kwa uniti, tozo zikiwemo, umeme wa 5,000 ni uniti 41 kasoro kidogo. Ikikatwa 1,500 unabaki na 28 na ushei. Usiponunua miezi mitatu, deni la 4,500 linakusubiri mlangoni. Wapangaji, kateni kwenye kodi ya pango na mtunze risiti za tokeni. Bila risiti ni ugomvi mtupu.

Daftari
Hapo nakubali. Niongeze: nyumba moja yenye mita tatu inakatwa mara tatu, 54,000 kwa mwaka badala ya 18,000. Dawa ni mwenye nyumba kwenda TRA, mamlaka ya mapato, na namba za mita zote na kitambulisho, ibaki mita moja tu yenye kodi. Mwenye miaka 60 na kuendelea anasamehewa nyumba anayoishi mwenyewe, isiyo ya biashara, ila mashine haijui umri wa mtu. Lazima aombe.

Mama Buzebazeba
Na anayetumia sola, wanangu? Hana mita, hakatwi kitu. Jumba la vyumba kumi linalotazama ziwa, maadamu si ghorofa, linalipa sawa na kibanda cha vyumba viwili cha tofali. Hiyo ni kodi ya mita, tusidanganyane.

Mpanga Bajeti
Mama umegonga penyewe. Ila kwangu kidonda ni kingine. Mapato ya ndani ya halmashauri ni ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mauzo, leseni, masoko na mialo, yaani forodha za wavuvi. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, kwa hiyo mwaka huo ulianza mwalo wa Kibirizi ukiwa hauna dagaa wa kutoza. Huku asilimia 10 ya mapato ya ndani ni ya mikopo: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Dagaa wakikosekana, hata mikopo hiyo inasinyaa. Nyumba haihami wala haina msimu. Chanzo tulivu kuliko vyote ndicho kilichoondoka, tumebaki na vile vinavyotegemea mbalamwezi, maana dagaa huvuliwa usiku wa giza.

Mwisho wa Reli
Ndicho ninachopigania! Diwani anapitisha mtaro kwenye Baraza kwa hela ambayo hajui itaingia lini.

Daftari
Basi LUKU ikusanye, ila kila mita iandikwe mtaa, na Manispaa ipate orodha na fedha yake kila mwezi. Daftari la uthamini lianze na ghorofa na majumba ya ufukweni tu, yanayohesabika.

Mama Buzebazeba
Nani atayapima? Wathamini wa kutosha mnao?

Mpanga Bajeti
Hatuna, mama. Ndiyo maana kasema ghorofa kwanza.

Mpangaji Gungu
Na mita ya mpangaji je? Mbona mmeiruka?