Boliti za kiti cha Peugeot 504 zimegandana kwa kutu, nifanyeje?

MtotoWaDereva, Kakamega
Hamjambo wadau. Nina 504 stesheni ya marehemu baba, ya mwaka 1979. Alibeba nayo abiria wa Kisumu miaka mingi, na hakuacha kutukumbusha kwamba 504 ndiyo iliyoshinda Safari Rally mwaka 1975. Sasa imelala chini ya mwembe, na mvua za huku mnazijua. Nataka kuanza na kiti cha dereva, kwa kuwa ndicho alichokalia. Sponji imekuwa unga ila fremu ni nzima.

Boliti mbili za mbele za reli, ile ambayo kiti huteleza juu yake, zimetoka kwa spana ya 13. Za nyuma sizifikii vizuri kwa sababu kiti hakisogei. Moja kichwa kimeliwa, kimekuwa duara kama kifungo. Nyingine inazunguka tu, haitoki. Jirani ananiambia nikate kwa grainda, lakini reli nyingine nitatoa wapi?

FundiKibuye, Kisumu
Pole kwa kuondokewa na mzee, ndugu yangu. Grainda iweke kando kabisa. Reli nyingi ninazoletewa zimekatwa na mtu aliyekuwa na haraka, na hapo hata mimi nashindwa.

Anza na reli, maana kiti lazima kisogee. Sugua kwa brashi ya waya, toa mchanga wote. Mimi huchanganya asetoni na mafuta ya gia otomatiki, nusu kwa nusu, ndani ya chupa ya glasi. Asetoni ni nyepesi, hupenya kwenye nyuzi za boliti na kuvuta mafuta ndani. Tikisa kila unapotumia kwa sababu hujitenga, na moto usiwe karibu. Paka asubuhi na jioni, siku tatu. Kisha vuta mkono wa kuachilia kiti, weka kipande cha mbao kwenye ncha ya reli na ugonge kwa nyundo ndogo, mbele halafu nyuma. Ikisogea hata unene wa shilingi, ongeza mafuta, endelea.

Ile iliyoliwa, tafuta soketi ya pembe sita. Ya pembe kumi na mbili itamalizia kuila. 13 ikiteleza, gongelea ya 12 mpaka ikae. Usianze kwa kufungua. Kaza kidogo kwanza. Utasikia "ka!", hiyo ni kutu inaachia. Fungua robo mzunguko, rudisha, fungua tena. Ukihisi boliti inavutika mkononi kama mpira, simama hapo hapo. Chuma kinajisokota, bado kidogo kikatike. Rudi kwenye mafuta, ulale, kesho ni siku.

NafulaWelda, Nakuru
Fundi amesema vyema. Hiyo inayozunguka, nati yake imeng'oka pale mahali ilipokuwa imechomelewa chini ya sakafu. Mtu mmoja aingie chini aishike kwa vaisi gripu, ile koleo inayojifunga ikishabana, wewe ufungue juu. Isipofikika, toboa kichwa cha boliti kwa drili, kiti kitoke, halafu uchomelee nati mpya.

Mafuta yakishindwa kwa ile iliyoliwa, chomelea nati juu ya kichwa chake. Joto lenyewe hulegeza kutu na unapata mahali pa kushika spana. Lakini nakuomba: toa sponji, kitambaa na zulia kwanza, moshi wa sponji ni sumu. Chomoa betri, na uchungulie chini bomba la petroli na la breki yamepita wapi.

MtotoWaDereva
Asanteni sana! Siku ya nne reli imesogea, na iliyoliwa imetoka kwa soketi ya 12, sikuhitaji kuchomelea. Ya kuzunguka, ndugu yangu mdogo aliingia chini na vaisi gripu. Kiti kiko sebuleni sasa hivi, mama amekaa karibu nacho. Boliti zile zile nizirudishe?

FundiKibuye
Hapana, usizirudishe. Nunua mpya zenye namba 8.8 kichwani, ndiyo alama ya uimara wa chuma, hicho kiti ndicho kinachomshika dereva gari likigonga. Paka grisi kwenye nyuzi kabla ya kufunga. Na msalimie mama.