Marekani: wanatoa sana, kwa nini wanawakunjia uso maskini?

MLETA MADA:
Wakuu, kila ikitajwa Marekani na maskini wake utasikia wale watu hawana huruma, kila mtu na lake. Sadaka zao zinakataa. Mwaka 2023 michango ya hisani nchini humo ilipita dola bilioni 550, na fungu kubwa kuliko yote likaenda kwa taasisi za dini. Kwa kutoa, wanatoa. Wasichotaka wengi wao ni maskini kuwa na haki ya kudai. Ukitoa mwenyewe unachagua nani anastahili. Serikali ikikata kodi ikagawa, huchagui, na hapo ndipo hasira inapoanzia.

Tazameni sheria aliyosaini Bill Clinton mwaka 1996. Kabla yake familia maskini yenye watoto ilikuwa na haki kisheria ya kulipwa fedha za kujikimu. Sheria ikaifuta haki hiyo, ikaweka masharti ya kazi na ukomo wa miaka 5 katika maisha yote ya mtu kwa fedha za serikali kuu. Humo humo ikayafungulia makanisa mlango wa kupewa fedha za umma yaendeshe huduma za jamii.

Halafu Maandiko yanageuzwa rungu. Mwaka 2013 Kamati ya Kilimo ya Bunge ikijadili kupunguza msaada wa chakula (zamani stempu, siku hizi kadi kama ya benki), mbunge Stephen Fincher wa Tennessee alinukuu Wathesalonike: asiyetaka kufanya kazi, asile. Bwana huyu ni mkulima aliyewahi kupokea mamilioni ya dola za ruzuku ya kilimo. Ruzuku ya pamba sijui imeandikwa sura ya ngapi.

Wala si yeye peke yake. Kura ya maoni ya Washington Post na taasisi ya Kaiser, 2017: asilimia 46 ya Wakristo walisema umaskini kwa kawaida unatokana na mtu kutojituma. Kwa wasio Wakristo ilikuwa 29.

Karibuni, ila matusi hapana.

MCHANGIAJI WA KWANZA:
Mkuu, umeokota mifano ya upande mmoja. Mimi naishi Texas, ni muuguzi msaidizi. Jumamosi kanisani kwetu magari yanapanga foleni hata hatujafungua. Kazi yangu ni kupakia kwenye buti: mchele, maharage ya kopo, kuku wa barafu, nepi zikiwepo. Haulizwi mtu kitambulisho wala anasali wapi. Kuna mama mmoja hashushi kioo kabisa, anabonyeza tu buti lifunguke, tukishafunga anaondoka. Ofisi ya serikali ingemjazisha fomu hadi jina la bibi yake. Na hao unaowaita wakali kwenye kura za maoni ndio ninaobeba nao maboksi.

Kuhusu kazi, nami nilifika huku mikono mitupu nikapiga zamu mbili. Mtu mzima mwenye afya zake kuambiwa afanye kazi saa 80 kwa mwezi ndipo apewe chakula, ukatili uko wapi? Halafu mbona umemruka Martin Luther King? Alikuwa mchungaji, na alipouawa 1968 alikuwa anaandaa Kampeni ya Watu Maskini kwenda Washington. Dini ni hiyo hiyo.

MCHANGIAJI WA PILI:
Hizo bilioni 550 msizihesabu zote kama za maskini. Mna vyuo vikuu vya matajiri humo, makumbusho, na paa la kanisa lenyewe. Na tajiri akitoa anapunguziwa kodi.

MLETA MADA:
Ndugu wa Texas, huduma yenu siibezi, na hilo la kutouliza maswali serikali ingejifunza kwenu. Lakini King alikuwa anadai nini kule Washington? Kazi na kipato kwa sheria, si boksi la Jumamosi. Feeding America, mtandao mkubwa wa benki za chakula, wenyewe husema kwa kila mlo wanaotoa, ile kadi ya serikali inatoa 9. Kadi zikikatwa, makanisa yataliziba pengo hilo kwa sadaka ipi?

Mwaka 2021 serikali ilipanua nafuu ya kodi kwa wenye watoto, ikawa inawatumia wazazi fedha kila mwezi bila sharti la kazi. Umaskini wa watoto, kwa kipimo kinachohesabu misaada, ukashuka hadi asilimia 5.2. Mpango ukaachwa ufe. 2022 ukaruka hadi 12.4. Makanisa yalikuwepo miaka yote miwili.

Na hizo saa 80: sheria aliyosaini Donald Trump Julai 2025 imepandisha umri wa wanaobanwa na sharti hilo hadi miaka 64. Chukua mtu wa miaka 62 aliyebeba mizigo ghalani maisha yake yote, magoti yamekwisha, bima hana, kwa hiyo hata barua ya daktari kuipata ni shughuli. Huyo tumweke kwa wavivu au kwa wanaostahili? Na nani aamue, karani, mchungaji au sheria?