Tupeane uzoefu: kijiji chenu kilichobaki mahame

Wakuu, tuandike hapa vijiji vyetu ambavyo leo havipo, hasa vilivyohamwa wakati wa operesheni za kuhamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa hapa Tanzania, kuanzia 1968 hadi 1976. Wazee wanatutoka na hatujawauliza.

Naanza mimi. Kwetu ni Rufiji, bondeni. Babu alilima mpunga, na maji ya mto yakishapungua alipanda mahindi ya mlau kwenye udongo wenye unyevu. Baada ya mafuriko ya 1968 watu wakahamishiwa juu, kwenye mchanga. Huko mikorosho inakubali, mpunga haukubali. Basi kila msimu bibi alishuka tena bondeni na wanawe, wakalala kwenye dungu miezi kadhaa wakifukuza ndege na nguruwe. Mama alizaliwa kijiji kipya, lakini utoto anaousimulia wote ni wa dunguni.

Mwaka juzi mjomba alinipeleka. Nyumba hakuna hata moja, ni miembe tu, na kila mwembe anamjua mwenyewe. Kwenye wa nne alinyamaza, akachuchumaa, akaanza kung'oa majani. Hapo ndipo alipolala babu.

Mchangiaji wa 2: Umenikumbusha mbali, mkuu. Sisi ni Ugogo, Operesheni Dodoma, 1971. Baba aliacha tembe na zizi. Tembe bila mtu haidumu: masika machache tu paa la udongo linashuka, kuta nazo zinafuata. Leo ni kichuguu na jiwe la kusagia. Mama alililia jiwe lile, lakini kwenye lori hapakuwa na nafasi. Analitaja mpaka leo.

Mchangiaji wa 3: Kwetu mkoa wa Arusha, na kilichobaki ni kesi. Mzee alihamishwa 1974, shamba lake akapewa mwingine. Alipolidai, ikaja sheria ya 1992 iliyofuta haki za kimila za ardhi za kabla ya vijiji hivyo. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani ikatamka kwamba ardhi ya kimila nayo ni mali inayolindwa na Katiba. Nilifurahi sana, ila mzee alikuwa ameshachoka, hakutaka tena kusikia habari za mahakama.

Mwanzisha mada: Pole sana kwa mzee. Mchangiaji wa 2, hilo jiwe bado lipo?

Mchangiaji wa 2: Lipo, mkuu. Tukishavuna nalifuata na mkokoteni. Mama kasema naye anakuja.